Neno Lililokanyagwa

Chumba cha mikutano kilikuwa na watu, kwa hiyo walimketisha Chinatsu kwenye kijichumba cha kunywea chai, kati ya birika la umeme na rafu ya vikombe vya wenzake, na hapo ndipo walipomsikilizisha sauti yake mwenyewe.

Msimamizi wake, Bi Kagami, aliweka kompyuta mezani, akaigeuza kidogo, akaigeuza tena. Mkuu wa kitengo, Bwana Nozue, alikosa kiti akasimama mlangoni, na kila aliyekuja kutaka maji ya moto alimkuta pale, akainamisha kichwa, akarudi alikotoka. Haikufika saa ya chakula ila ofisi nzima ilikuwa inajua aliyewekwa mle ndani ni nani.

"Kituo cha msaada, anayezungumza ni Tsukamoto," ilisema kompyuta, kwa jina la ukoo la Chinatsu. Ilikuwa sauti nzuri, laini, kama iliyopigwa pasi. "Kuna tatizo lolote, Bi Inagaki?"

"Samahani kwa usumbufu," ilijibu sauti ya bibi kizee, kwa mbali. "Hakuna neno. Ila, unajua..."

"Hai, hai. Kitufe kiliguswa kwa bahati mbaya?"

"Labda, ee. Unajua..."

"Hai, hai, hai. Usijali kabisa, hutokea kwa wengi. Leo kuna theluji, ujifunike vizuri. Asante sana."

Bi Kagami aliirudisha rekodi nyuma, wakasikiliza tena. Mara ya tatu Bwana Nozue alimwambia Chinatsu anyooshe mkono pale atakaposikia kosa. Chinatsu, mwanamke mzima mwenye mvi mbili tatu, akakaa na mkono tayari juu ya goti kama mtoto wa darasa la pili, na maneno yakapita yote asinyooshe. Kwake yeye simu ile haikuwa na doa. Basi Bi Kagami akaanza kugonga meza kwa kucha kila "hai" ilipodondoka, na ndipo Chinatsu aliposikia kwamba chini ya kila pigo la kucha kulikuwa na pumzi ya yule bibi. Bibi alikuwa akivuta pumzi kusema neno, na neno lilikuwa likikanyagwa kabla halijatoka.

Hai ya Kijapani si ndiyo, wala si nimekubali. Ni kusema tu nipo, nakusikia, endelea. Kwenye simu, ambako huwezi kumwona mtu akitikisa kichwa, asiyeitikia huonekana amelala au amechukia. Chinatsu alikuwa akisifiwa kwa hai zake. Wageni kazini waliketishwa karibu naye wazisikie.

Siku ile Bi Inagaki alikuwa ameanguka kwenye mlango wa choo. Kitufe cha dharura, kile kampuni inachowapa wazee wanaoishi peke yao, alikuwa nacho shingoni, lakini kisanduku cha kusemea kilikuwa sebuleni. Alilala sakafuni mpaka mleta chakula alipomkuta kesho yake, nyonga imevunjika. Mwanawe alikuwa amekwisha kupiga simu kwa wakubwa.

Bwana Nozue alieleza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko makaripio. Mikataba yote ya wafanyakazi wa muda ilikuwa inakwisha mwisho wa Machi. Wa Chinatsu ungejadiliwa. Kabla ya hapo atahudhuria semina ya kusikiliza, na simu zake zitasikilizwa na msimamizi. Na kesho wataenda hospitali kuomba radhi.

"Kisha tutaona," alimalizia. Hakuna mtu kwenye jengo lile asiyejua uzito wa tutaona ya Bwana Nozue.

Wakati anatoka alimgeukia akamwambia anunue kiboksi cha vitamutamu vya kupeleka, maana wanawake ndio wanaojua kuchagua. Chinatsu alinunua keki za maharage za duka zuri, kwa pesa zake, akaona haya kupeleka risiti ili arudishiwe.

*

Mwana wa kiume wa Bi Inagaki alikuwa ametoka Osaka. Aliwapokea kwenye korido ya hospitali akiwa bado na koti. Bwana Nozue akainama, Chinatsu nyuma yake akainama zaidi, na yule mtu akawaacha wameinama. Magurudumu ya toroli la dawa yalipita. Viatu vya muuguzi vilipita. Chinatsu alihesabu vigae vya sakafu mpaka macho yakamsumbua.

"Nyanyueni vichwa, mnazuia njia," alisema hatimaye. Akamtazama Chinatsu. "Wewe ndiye mwenye ile sauti?"

"Hai."

"Hai ipi hiyo? Ya kunisikia au ya kunifukuza?"

Bwana Nozue akanyoosha boksi kwa mikono miwili, na mikono yake ikabaki hewani, kwa hiyo akaliweka kwenye kiti cha wageni taratibu, kama mtu anayeweka yai. Yule mtu akasema mama yake anataka kumwona mwanamke peke yake, yeye hajui kwa nini, angekuwa yeye asingetaka.

Bi Inagaki alikuwa mdogo kitandani kuliko sauti yake. Kabla Chinatsu hajamaliza kuinama, bibi naye alikuwa anajaribu kuinama kutoka kwenye mto.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuletea balaa kazini."

Chinatsu alisema hapana, yeye ndiye mwenye kosa. Wakavutana hivyo kidogo, kila mmoja akilivuta kosa upande wake, mpaka bibi akacheka, na kicheko kikamuumiza nyonga akakikata.

"Sauti yako nzuri," alisema. "Kama ya yule mtangazaji wa stesheni. Treni inakuja, treni inaondoka, kaeni nyuma ya mstari. Sasa mtu umjibu nini mtangazaji wa stesheni?"

"Ulikuwa unataka kuniambia nini, Bi Inagaki?"

Bibi alitazama dari. "Kwamba niko chini. Basi, hilo tu. Lakini umelala sakafuni na sketi imepanda, neno kama hilo huanzi nalo. Unalizunguka kwanza. Mimi bado nalizunguka, wewe umeshanishukuru."

Walipokuwa wanasubiri lifti, yule mwana aliwafuata kwa hatua ndefu. Wakadhani moyo umemlainika. Alikuja na boksi.

"Mmesahau mzigo wenu," alisema.

Bwana Nozue alikuwa na miadi mjini. Chinatsu akarudi kwa basi, boksi mapajani, na kwa sababu hakuweza kukaa akashuka kabla ya kituo chake akatembea kwenye theluji iliyoanza kuyeyuka, maji yakimwingia viatuni.

Nyumbani mama mkwe wake, Tome, aliona karatasi nzuri ya boksi akauliza kama leo kuna sherehe. Chinatsu akasema hakuna neno, kazini wamegawiwa. Basi wakauketia ule msamaha wote watatu, yeye na Tome na Yasunari mumewe, wakaula na chai ya moto.

"Tamu kweli," alisema Yasunari, akipangusa unga wa maharage kwenye ndevu zake za wiki. Tangu kiwanda cha kufungasha dawa kipunguze watu alikuwa hanyoi mpaka aambiwe. "Chinatsu, unajua..."

"Hai, hai," alijibu Chinatsu, aliyekuwa amekwisha kusimama kwenye sinki, maji yamefunguliwa, akisugua kikombe kilichokuwa kisafi tangu zamani.

Yasunari alifunika boksi na kifuniko chake.

*

Mkufunzi wa semina alitoka Tokyo, msichana aliyevaa viatu vinavyong'aa, anaitwa Bi Mamiya. Alisema msikilizaji mzuri ni kioo. Mteja akisema neno, mrudishie neno lake. Akiwa na huzuni, itaje huzuni. Akafundisha na namna ya kuinamia mbele hata kama mtu hakuoni, maana mwili ukiinama sauti huinama. Wote wakainama wakarudishiana maneno wawili wawili, ukumbi ukavuma kama banda la njiwa. Kisha akawaambia wakafanye mazoezi nyumbani.

Jioni hiyo Yasunari aliingia kutoka kuondoa theluji kwenye paa la jirani, akaisukuma miguu yake chini ya blanketi la meza yenye hita, akaguna. Alisema mgongo unamuuma.

"Kwa hiyo unasema mgongo unakuuma," alisema Chinatsu, akainama mbele.

"Ee."

"Inaonekana umechoka."

Yasunari alimtazama, kisha akamtazama mama yake. "Tumenunua kasuku lini humu ndani?"

Tome alicheka na wali mdomoni, ikabidi apigwe mgongoni. Chinatsu naye alitabasamu, lakini hakukata tamaa, maana alikuwa ameambiwa mwanzoni watu hushangaa. Yasunari alikoroga supu yake ya miso kwa vijiti mpaka ikawa tope. Halafu, pasipo kuinua macho, akasema kuna jambo alikuwa anataka waongee.

"Kuna jambo unataka tuongee," alisema Chinatsu.

Vijiti vilitua mezani. Yasunari aliinuka, akavaa buti, akachukua sepeto, akatoka kwenda kukwangua njia ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameshaikwangua mchana. Walisikia chuma kikigonga saruji tupu.

Chinatsu alibaki ameinama vilevile. Tome aliendelea kula figili zake zilizochachushwa, moja moja, akizivunja kwa meno ya mbele. Alikuwa mwanamke wa maneno ya kupima.

"Lile jambo ameshalianza hata sijui mara ngapi," alisema. "Wewe unamwitikia ukiwa sinki. Unamwitikia ukiwa ngazini. Hai, hai, hai, kama kuku anadonoa. Mwenzako anafunga mdomo."

"Jambo gani, Mama?"

"Si langu." Akavunja figili nyingine. Lakini lilimwasha, na baada ya kidogo akalitoa. Kulikuwa na kiwanda cha vipuri vya magari huko Aichi, kina mabweni ya wanaume. Rafiki wa zamani wa Yasunari alikuwa amemwombea nafasi. Angekaa huko, aje nyumbani kwenye sikukuu. Walikuwa wanangoja jibu lake mwisho wa mwezi. "Wewe ukiwa na kazi yako, kuna haja gani aende? Lakini na wewe siku hizi unarudi na uso kama karatasi ya dirisha, unasema hakuna neno. Mimi mzee, Chinatsu, siyo mjinga. Hiyo kazi ipo au haipo?"

Ndipo Chinatsu alipomweleza, rekodi na hospitali na tutaona ya Bwana Nozue. Hata boksi la keki alimweleza. Tome aliacha kutafuna.

"Basi ile tuliyokula ilikuwa aibu," alisema. "Na ilikuwa tamu."

Kuanzia hapo Chinatsu aliweka akili yake mahali pamoja. Mkataba ukipatikana, Yasunari hana sababu ya kwenda. Hakumgusia Aichi. Aliona ni kama kumwongezea mzigo kumwambia anajua, wakati dawa yenyewe ilikuwa mikononi mwake yeye. Aupate kwanza, ndipo waongee.

*

Lakini kioo cha Bi Mamiya hakikufanya kazi kwa wazee wa mkoa wao wa Toyama.

"Mimi nasema mguu umekufa ganzi," alifoka babu mmoja wa milimani, "na wewe unasema mguu umekufa ganzi. Sasa hapo mgonjwa ni nani?" Akakata. Bi Kagami, hedifoni ya pili masikioni, aliandika kitu. Wenzake waliinamisha vichwa kwenye skrini zao, mabega yakitikisika kwa kicheko cha kujizuia.

Chinatsu akaacha kioo, na alipokiacha tu hai zake zikarudi mbio. Hazikuja kwa dharau. Zilikuja kwa woga. Kimya kilipoingia kwenye laini alihisi kama mtoto anatambaa kuelekea ngazi, na kabla hajajua ameshakirukia, hai, hai, ameshakishika, ameshakiua. Kidole chake cha mguu kilipiga sakafu muda wote. Jirani yake wa kiti alihamisha kiti.

Suluhisho lilikuja kwa ajali. Siku moja chakula cha mchana kilikatishwa na simu nyingi, akakimbilia mezani akiwa bado na kokwa la plamu ya chumvi shavuni. Bibi wa kwanza akasema samahani, hakuna neno, kitufe kimejigusa. Chinatsu akataka kuitikia, kokwa likagonga meno, hai haikutoka. Yule bibi alingoja. Chinatsu alikuwa anapambana na kokwa. Kimya kikawa kirefu, cha kutisha, na ndani ya kimya hicho bibi akasema, kwa sauti nyingine kabisa, kwamba kweli hakuna neno, ila mafuta ya hita yameisha tangu asubuhi na dumu liko nje, naye hawezi kulinyanyua, na si jambo la kumsumbulia mtu.

Tangu siku hiyo alikuwa anaweka kokwa. Ni kosa kula mezani, kwa hiyo alilificha shavu la kushoto, upande wa ukuta. Haikuwa kila mara kimya kilileta kitu. Wengine walikuwa wamegusa kitufe kwa bahati mbaya kweli, wakauliza kama laini imekufa. Lakini wengine walikuwa na neno la pili. Lilikuja dogo, limejikunyata, likitanguliwa na unajua au basi tu, na kama mtu akitulia lilitoka lenyewe kama paka chini ya veranda.

Tatizo lilikuwa namba. Kila simu ilikuwa na namba yake ya dakika pembeni mwa skrini, na simu ikizidi kipimo namba iligeuka nyekundu. Za Chinatsu zilianza kuwa nyekundu moja baada ya nyingine. Zamani hakuwahi kupata hata moja.

Bi Kagami alimwita tena kwenye kijichumba cha chai. Alisema kesho yake ndiyo siku ya mwisho ya kusikilizwa, na Bwana Nozue ataziangalia namba. Akasita.

"Na hilo la shavuni," alisema, "kesho usije nalo. Nimelivumilia kwa sababu nilidhani ni jino."

*

Kesho yake theluji ilirudi upya, nzito, ya mwisho wa msimu. Bi Kagami alivuta kiti akaketi nyuma ya bega lake. Chinatsu mdomo wake ulikuwa mtupu, akaona kama amekuja kazini bila viatu.

Simu ilipoingia skrini ilimwonyesha mzee Hamatani, mwalimu mkuu mstaafu, mjane, anayeishi peke yake. Wa kumfikia haraka aliyeandikwa ni mama wa nyumba ya jirani.

"Hakuna neno," alisema mzee, kwa sauti iliyonyooka. "Kitufe kimejigusa."

Hai ilimpanda Chinatsu kooni ikafika kwenye meno. Akaufunga mdomo, akaushika ulimi kwa meno ya nyuma hata ukauma. Kimya kikaja. Akakisikiliza. Maji yalikuwa yanadondoka mahali. Na ile sauti, ijapokuwa ilikuwa imenyooka, ilitoka mbali na kisanduku na ilikuwa na mwangwi, kama ya mtu aliyeingia kwenye mtungi. Sebule haina mwangwi wa namna hiyo. Mwangwi ule ni wa vigae.

Namba ikageuka nyekundu. Kalamu ya Bi Kagami ilichora duara hewani, maana yake funga.

"Upo?" aliuliza mzee.

"Nipo."

Maji yakadondoka. "Wewe ni mwanamke."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na mtu akija, anayekuja ni yule mama wa jirani."

"Ndiye aliyeandikwa."

Mzee akakohoa. Kalamu ilichora duara lingine, kubwa. Nyuma yao simu nyingine ililia ikapokelewa, nyingine ikalia haikupokelewa. Chinatsu alikaza macho kwenye ile namba nyekundu, na akaona kwa uwazi kabisa Yasunari akipanda treni na begi, na Tome kwenye ngazi akijaribu kukwangua paa. Neno moja tu la kumshukuru mzee lingefunga simu, na namba ingeacha kupanda. Hakulisema.

"Mwanawe yule mama," alisema mzee polepole, "nilimfundisha mimi. Na mama mwenyewe huniinamia njiani mpaka leo." Kisha sauti ikashuka, unyoofu wote ukaisha. "Unajua. Niko bafuni. Nimekaa kwenye kigoda, kama nilivyozaliwa. Miguu imekataa kunyanyuka. Maji yamepoa."

"Umeanguka? Unaumwa mahali?"

"Sijaanguka. Nimekaa tu. Nimekaa muda mrefu."

"Taulo liko karibu?"

"Liko."

"Jifunike mabegani kwanza. Nitamtafuta mwanamume. Atachukua muda kidogo kuliko jirani, lakini hatuachani mpaka afike."

Aliandika huku anaongea, na walinzi wa kampuni wakamtuma mwenzao mmoja aliyekuwa njia ya karibu. Wakamngoja pamoja. Kwa sababu alikuwa amekwisha kusema lililokuwa gumu, mzee akawa mwepesi wa maneno. Alimkosoa Chinatsu neno la heshima alilolitumia vibaya, kisha akamkosoa jingine, akamwambia vijana wa siku hizi hufundishwa lugha na maduka yanayouza usiku na mchana. Chinatsu akamshukuru kila mara. Hatimaye mlango ukasikika kwa mbali, na sauti nzito ya mwanamume ikiomba ruhusa ya kuingia.

Bi Kagami alivua hedifoni. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Alisema simu ile imepita vipimo vyote alivyowahi kuona. Alisema simu mbili zilikaa zikingoja kwa sababu yake. Kisha akainuka na karatasi zake, akaingia kwa Bwana Nozue, mlango ukafungwa, na kwa jioni nzima Chinatsu hakujua mikono yake aiweke wapi. Ulipofunguliwa, Bi Kagami alikuja kusimama karibu na meza akasema kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja bei ya kitu cha aibu.

"Nusu mwaka. Si mwaka mzima kama wengine. Namba zako hazikumpendeza. Nimemwambia azisikilize badala ya kuzisoma, akasikiliza moja." Akakunja karatasi. "Ya bafuni."

Chinatsu aliinama. Kwenye basi alisimama, ingawa viti vilikuwepo. Hata nusu mwaka ni kazi. Nusu mwaka inatosha kusema hapana kwa Aichi.

*

Yasunari alikuwa amekaa kwenye ukingo wa sakafu mlangoni, pale wanapovulia viatu, akipaka mafuta buti zake. Kutoka ndani televisheni ya Tome ilikuwa inaimba. Chinatsu alimwambia akiwa bado na koti, theluji haijamwanguka mabegani. Alimwambia yote kwa pumzi moja, kosa na semina na nusu mwaka, na kwamba mkataba wamempa.

"Vizuri," alisema Yasunari. "Hongera." Akaendelea kupaka mafuta.

Chinatsu alikuwa na sentensi tayari. Alikuwa ameibeba tangu kituo cha basi. Basi waandikie wale wa Aichi kwamba huendi. Lakini ile vizuri ilimwingia sikioni vibaya. Ilikuwa imenyooka mno, na nyuma yake palikuwa na mwangwi.

Akaketi kando yake kwenye ukingo, na koti lake na viatu vyake.

Yasunari alimaliza buti la kushoto. Akalitazama la kulia, hakulichukua.

"Unajua," alisema.

Chinatsu alifunga mdomo. Kipande cha theluji kiliteleza kutoka paani kikatua nje kwa kishindo, na hakuna kati yao aliyegeuka.

"Wale wa Aichi nimeshawajibu," alisema Yasunari. "Juzi. Nimewaambia nakuja." Akangoja, kama mtu anayengoja kukatwa, na alipoona hakatwi akaangalia mikono yake iliyojaa mafuta. "Si kwa sababu ya mkataba wako. Hata wangekupa wa miaka kumi. Mama anadhani naenda kwa shida, na nimemwacha adhani hivyo. Mimi nataka kwenda, Chinatsu. Asubuhi wewe unaondoka na mama ananitazama nikila. Majirani wananilipa kwa machungwa. Machungwa, na kunipigapiga bega. Nina mikono bado. Nataka mahali ambapo kengele ikilia na mimi nasimama."

Majibu yalimjia Chinatsu yote kwa mara moja. Nani atapanda paani. Nani atamnyanyua Tome akianguka. Nimeinama kwenye korido ya hospitali kwa ajili yako. Nimeng'ata ulimi mpaka damu. Yalisukumana kwenye meno yake, na kila moja lilikuwa la haki.

Ndani, mtu alipunguza sauti ya televisheni.

Yasunari alikuwa hajamaliza. Chinatsu alilisikia hilo kwenye pumzi ya mumewe, jinsi ilivyoingia na kusimama pale juu, haijatoka.

"Endelea," alisema Chinatsu.